Kopo, simu na ukuta: grafiti inayosikika

Wengi wanaonitafuta wakitaka "grafiti ya kidijitali" huanza na droni. Wameona video ya mwaka 2015, ya msanii wa New York anayejiita KATSU, aliyefunga kopo la rangi kwenye droni na kuchora mistari myekundu juu ya bango kubwa la Calvin Klein. Tendo lile lilikuwa la kijasiri, lakini mimi hapa Kampala huanza na swali jingine: huyu anayepita mbele ya ukuta atapata nini ambacho rangi peke yake haimpi? Na nikumbuke kwamba mara nyingi simu yake haina bando. Swali hilo huondoa mawazo mengi kabla hayajala pesa.

Kopo lenyewe ni teknolojia, na anayetaka kuishi kwa kazi hii alijue kwanza. Ndani kuna rangi, kigololi cha kuichanganya, na gesi iliyogandamizwa mpaka ikawa kimiminika. Ukibonyeza kepu, kile kichwa cha juu chenye tundu, mchanganyiko hupanda kwenye mrija, na ukifika nje gesi huchemka papo hapo na kuipasua rangi kuwa matone madogo sana. Kopo likiachwa juani saa saba mchana, msukumo hupanda, rangi hutoka kwa fujo na kuchuruzika. Ukipuliza mfululizo, kopo hupoa mkononi na msukumo hushuka. Ndiyo maana mistari myembamba naifanya asubuhi, makopo yakiwa kivulini. Barakoa yenye vichujio vya mvuke huvaliwa hata nje, upepo uwepo usiwepo. Ile ya kitambaa haizuii mvuke.

Kuhamisha mchoro kwenda ukutani ndiko simu au kompyuta kibao inakolipa haraka. Projekta ni nzuri, ila inataka giza, nafasi ya kuisogeza nyuma na umeme usiokatika. Siku hizi napaka ukuta alama za ovyoovyo, herufi, misalaba, mikunjo, kisha naupiga picha na kulaza mchoro wangu juu ya picha hiyo kwenye kompyuta kibao. Nikiwa juu ya ngazi naona kwamba jicho la kushoto linaanzia pale herufi K inapokata msalaba. Alama zote zinafunikwa na rangi baadaye.

Msimbo wa QR, ule mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe ambao kamera ya simu huusoma na kufungua tovuti, watu huudharau, kumbe kuupuliza ukutani ukasomeka ni ufundi. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Denso Wave kwa ajili ya vipuri vya magari, na una uwezo wa kujirekebisha: ukiutengeneza kwa kiwango cha juu kabisa, unasomeka hata takribani asilimia 30 yake ikiwa imeharibika. Hiyo ndiyo nafasi yangu ya kupumua, kwa sababu rangi ya kupuliza huvuja kidogo kwenye kingo. Stensili ya kawaida, karatasi iliyotobolewa ili kupulizia rangi kwenye matundu yake, haifai, maana visiwa vyeupe vilivyozungukwa na weusi havina pa kushikilia, vinadondoka. Naenda Nasser Road, kwa mafundi wa stika, wanikatie msimbo kwenye karatasi ya kunata, kila kisiwa kikae mahali pake. Karatasi hiyo haishiki kwenye lipu yenye vumbi, kwa hiyo napulizia juu ya kipande cha bati laini, kisha nakifunga ukutani. Pembeni naacha ukanda mtupu wenye upana wa miraba minne midogo ya msimbo. Na kiungo kiwe kifupi: herufi chache huzaa miraba michache na mikubwa, ambayo simu ya bei ya chini huisoma bila shida.

Lakini ukuta ninaoupenda kuliko wote hauhitaji simu kabisa. Ni ukuta unaoongea. Chini ya mchoro napaka kwa brashi mabaka ya rangi yenye unga wa kaboni, ambayo hupitisha umeme, na kila baka linaunganishwa kwa ukanda wa shaba na bodi ndogo ya Arduino, aina ya kompyuta ndogo unayoiandikia programu, iliyo ndani ya chumba. Juu ya mabaka nachora kwa kopo kama kawaida. Mwili wa binadamu hubeba chaji, hivyo mkono ukigusa baka, hata kupitia tabaka la rangi ya juu, kipimo hubadilika. Bodi inatambua na kucheza sauti iliyohifadhiwa kwenye kadi. Kazi yote iko katika unyevu. Lipu mpya isiyokauka na ukuta uliolowa mvua ya Aprili hupotosha kipimo, kwa hiyo programu lazima ijipime upya kila mara, na kaboni ifunikwe isipate maji.

Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, baadhi ya walimu wamekuwa wakiniomba kuta za namna hii. Kwenye shule moja upande wa Busia nilichora korongo mwenye taji, ndege wa taifa. Ukimgusa bawa anasema "Hujambo?" Mtoto wa kwanza aliruka nyuma, akajibu "Sijambo," kisha akamkimbilia mwalimu wake: "Mwalimu, ndege ameniamkia!" Baada ya muhula mmoja bawa lilikuwa limeng'aa kwa viganja, rangi imelika. Sasa sehemu zinazoguswa nazipaka vanishi ngumu, tabaka mbili au tatu.

Kinachonishikilia katika njia hii ni kazi ya Tony Quan, mchoraji wa Los Angeles ajulikanaye kama Tempt One. Maradhi ya neva yalimpooza mwili, akabaki na macho. Mwaka 2009 wenzake walimtengenezea EyeWriter, miwani ya bei rahisi yenye kamera ndogo inayofuata mboni, pamoja na programu ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure. Akachora tena kwa macho, na mchoro wake ukaangazwa kwenye majengo ya jiji.

Kuhusu riziki: kazi za hoteli, migahawa na kampuni ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba, shule hulipa kidogo, ila ndiko ninakojifunzia. Kibali cha mwenye jengo na cha mamlaka ya jiji nakishika mkononi kabla ya kopo la kwanza, na nusu ya malipo vilevile. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mchoraji, kwa hiyo mkataba wangu hutaja picha za ukuta zitatumika wapi. Wasanii wachanga huwa wanasahau kuandika kuhusu matunzo. Jina la tovuti lililo nyuma ya msimbo hulipiwa kila mwaka, spika huingia vumbi, na jua letu la ikweta hufifisha nyekundu na njano mapema kuliko nyeusi. Andika ni nani atalipia, na baada ya miaka mingapi utarudi na makopo.