Kupukutika kwa plamu: maana yake na uhusiano wake na uchavushaji

Kupukutika kwa matunda ni hali ya mti kuachia maua au vitunda vichanga kabla havijakomaa. Kwa mplamu hali hiyo ni sehemu ya maisha yake, kwa kuwa mti huchanua maua mengi kuliko unavyoweza kulisha, na mti uliochanua vizuri huweza kutoa mavuno kamili hata ikiwa ni ua moja tu kati ya kumi lililofikia kuwa tunda. Tatizo huanza pale idadi inayobaki inapokuwa haitoshi, na hapo ndipo wakulima wengi hukimbilia dawa kabla ya kuchunguza kilichoanguka.

Hilo ni kosa, kwa sababu neno "kupukutika" hubeba matukio matatu tofauti. Katika wiki mbili za mwanzo baada ya kuchanua huanguka maua pamoja na vikonyo vyake, huku ovari, yaani sehemu ya ua inayokuja kuwa tunda, ikiwa haijavimba au imevimba kidogo mno. Hayo ni maua ambayo hayakurutubishwa. Wiki chache baadaye huanguka vitunda vidogo mfano wa punje ya njegere. Ukikipasua kimoja kwa kisu chenye makali, ukakuta mbegu iliyo ndani imesinyaa na kugeuka rangi ya kahawia, fahamu kwamba urutubishaji ulianza lakini kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, kikafa njiani. Wimbi la tatu ni la vitunda vikubwa zaidi, vyenye mbegu nzima, ambavyo huanguka kwa sababu vimeshindwa kugombania sukari inayotengenezwa na majani. Kitunda chenye tundu au funza hakimo katika hesabu hii, kwani hicho kimeangushwa na mdudu.

Wimbi la tatu hupunguzwa kwa maji ya kutosha, matandazo shinani na kiasi cha wastani cha mbolea ya naitrojeni, maana naitrojeni ikizidi, machipukizi hunyonya chakula ambacho kingeliendea tunda. Kupunguza matunda kwa mkono kabla kokwa halijawa gumu, ukiacha nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kati ya tunda na tunda, humuumiza moyo mkulima anayeifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza, lakini matunda yanayosalia huwa makubwa na matawi hayavunjiki.

Wimbi la kwanza ndilo linalohitaji maelezo zaidi, kwa kuwa linatokana na uchavushaji wenyewe. Uchavushaji ni kufika kwa chavua, yaani unga wa kiume wa ua, kwenye ncha nata ya kike ya ua. Urutubishaji huja baadaye: chavua huota, hutoa mrija mwembamba unaoshuka ndani ya shingo ya ua, na ni pale tu mrija huo unapoifikia ovari ikiwa bado hai ndipo mbegu huanza. Katika aina nyingi za plamu za Kijapani, shingo hiyo ya ua hutambua chavua ya aina ileile na kuusimamisha mrija wake katikati ya safari. Ua limechavushwa, nyuki amefanya kazi yake, na bado tunda halipatikani.

Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi halielezwi vitalu vinapouza miche. Miche yote ya aina moja imebebeshwa, yaani imeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, kwa vipande vya matawi vya asili moja, na kwa hiyo miti 100 ya aina hiyo, kwa upande wa uzazi, ni mti mmoja uliogawanywa mara 100. Shamba la namna hiyo linahitaji uchavushaji mtambuka, yaani chavua kutoka kwa aina nyingine inayochanua wakati uleule. Wala si aina yoyote inayofaa: plamu za Kijapani zina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 16 na za Kiulaya zina 48, hivyo Victoria, ambayo ni ya Kiulaya na hujichavusha yenyewe, haiwezi kutegemewa kuichavusha Santa Rosa, ambayo ni ya Kijapani. Methley, ya Kijapani pia, hujitosheleza kwa kiasi kikubwa, lakini hata hiyo huzaa vizuri zaidi ikipata jirani.

Chavua ya plamu ni nzito na yenye kunata, kwa hiyo upepo hauibebi kwa kiasi cha maana. Mbebaji ni nyuki. Katika nyanda za juu zenye baridi, kama Lushoto kwenye milima ya Usambara, asubuhi ya ukungu inaweza kuwaacha nyuki mzingani, kwani nyuki wa asali hawatoki sana joto likiwa chini ya takriban nyuzi 12 za Selsiasi, wala katika mvua au upepo mkali. Mizinga miwili hadi mitano kwa hekta hutosha, nayo iletwe maua ya kwanza yakiwa yameshafunguka, kwa sababu nyuki wakiletwa mapema huzoea maua ya magugu na kuendelea kuyafuata. Viuatilifu vya wadudu visipulizwe kabisa wakati wa maua. Boroni husaidia mrija wa chavua kukua pale udongo unapopungukiwa nayo, lakini ikizidi kidogo tu huwa sumu kwa mti, kwa hiyo upimaji wa udongo utangulie.

Mwenye shamba la aina moja hana haja ya kung'oa miti. Kwa msimu huu anaweza kukata matawi yenye maua ya aina nyingine inayofaa, akayatia katika ndoo za maji na kuziweka katikati ya miti yake ili nyuki wapite huku na huku. Kwa miaka ijayo, abebeshe tawi moja la aina hiyo juu ya mti mmoja kati ya kila michache, kisha alifunge utepe wa rangi, maana mpogoaji asiyelijua atalikata akidhani ni chipukizi la kawaida.