"Sikumtaja jina": dhana potofu kuhusu siri za kazini

Mwaka nilipougua kifua kikuu, mhudumu wa kituo kimoja cha afya hapa Pemba aliniita kwa sauti kutoka dirishani: "Wewe wa dawa za kifua, njoo!" Watu wamejaa kwenye mabenchi. Kabla ya alasiri, muuza kahawa wa mtaani kwetu keshanitengea kikombe changu peke yangu. Kifua kikuu hakiambukizi kwa kikombe. Hupita hewani mgonjwa anapokohoa. Lakini ningemweleza nani, nami nilishatangazwa?

Dhana: "Sikumtaja jina, basi sikutoa siri."

Hii ndiyo iliyoniumiza, na ndiyo niisikiayo zaidi. Nilipomlalamikia mhudumu yule, alijitetea kwa hilo hilo. Kisiwani petu jina halina haja. Sema "mke wa fundi cherehani wa karibu na msikiti, yule aliyejifungua juzi kwa upasuaji," na Wete nzima wameshamjua, yeye na mamaake. Siri ni chochote kinachomfikisha msikilizaji kwa mwenyewe: kazi yake, ukoo, siku aliyoonekana hospitali. Ukirusha picha ya daftari la wagonjwa kwenye kundi la WhatsApp, hata ukifuta majina, bado umri upo, shehia ipo, na dawa zipo.

Dhana: Siri inawafunga daktari na wakili tu.

Inamfunga pia mpokezi, mfagiaji, dereva, karani wa mahakama na mtu wa benki. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Kwangu mimi aliyenivua hifadhi hiyo hakuwa daktari.

Dhana: "Mume lazima aambiwe."

Hapa najua nitabishiwa, maana kwetu mgonjwa husindikizwa na nusu ya ukoo, na huo ni wema mkubwa. Hata hivyo mtu mzima mwenye akili zake ndiye anayechagua nani aingie naye ndani na nani asubiri nje. Mwanamke akijua majibu yake yatafika nyumbani kabla yake, haendi kupimwa. Maradhi yanabaki naye.

Dhana: Akishakufa, siri imekwisha.

Hapana. Azimio la Geneva, ahadi ya madaktari iliyopitishwa 1948 na kurekebishwa mara kadhaa, linamtaka daktari atunze siri hata baada ya mgonjwa kufariki. Marehemu ameacha watoto, na wengine hawajaposwa.

Dhana: Siri haifunguliwi abadani.

Hufunguliwa, kwa sababu maalumu. Kipindupindu lazima kiripotiwe. Mahakama inaweza kuamuru. Mtoto anayedhuriwa haachwi kwa kisingizio cha siri, na mteja anayemtaka wakili amsaidie kupanga wizi hana siri ya kulindwa hapo. Lakini habari hupelekwa kwa anayehusika, kwa kiasi anachohitaji, na inaishia kwake.

Dawa za kifua kikuu nilizimeza miezi 6. Minne ya mwisho nilihamia kwa dada yangu Unguja. Siku ya kwanza kliniki ya huko, nesi mtu mzima alinipokea kadi bila kuisoma kwa sauti, akaniingiza chumbani, akarudi kufunga mlango. Ndipo akaniuliza: "Haya mwanangu, kikohozi kinaendeleaje?"