Anayesahau ndiye anayeulizwa amesahau nini

Fomu nyingi za kuomba mafao ya ulemavu wa muda mrefu zina mahali pa mgonjwa kueleza anasahau nini. Aliyeharibikiwa na kumbukumbu ndiye tunayemtaka awe shahidi!

Mimi ni daktari wa mishipa ya fahamu, na ripoti za namna hii nimeandika nyingi. Mgonjwa huketi mbele yangu, nikimuuliza hali anajibu, "Sijambo daktari, nasahausahau tu kidogo." Nyuma yake mkewe anatikisa kichwa. Siku hizi namtazama mke kwanza. Mgonjwa hadanganyi, sehemu ya ubongo iliyopaswa kumjulisha kuwa ana kasoro ndiyo yenye kasoro.

Wala si lazima awe amepooza upande mmoja kwa kiharusi. Shinikizo la damu au kisukari kikichakaza mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, huziba mmoja baada ya mwingine, na vipande vidogo vya ubongo hufa bila mwenyewe kuhisi lolote. Viharusi hivi vya kimyakimya huonekana kwenye picha ya MRI. Harusi yake ya miaka 20 iliyopita ataisimulia vizuri tu. Kinachomshinda ni kupanga hatua za kazi, au kuendelea na alichokuwa akifanya baada ya simu kumkatiza.

Hapo ndipo vipimo vyetu vya haraka vya kumbukumbu na kufikiri hupotosha. Kile kiitwacho MoCA kina alama 30, na kuanzia 26 huhesabiwa kawaida. Mhasibu anaweza kupata 27 katika chumba tulivu, kwa dakika 10, huku nikimwongoza, kisha akashindwa kufunga hesabu za mwezi. Kwa hiyo huomba apimwe kwa kina, kwa saa kadhaa. Akianza kukosea saa ya pili, hilo nalo naliandika.

Kuna linalowakwaza wengi: mbele ya mlipaji wa mafao, hatari ya kiharusi peke yake kwa kawaida haihesabiwi ulemavu. Moyo unaopiga bila mpangilio huongeza hatari hiyo mara 5 hivi. Kiharusi cha kupita, hata kikiisha ndani ya saa moja, ni dharura, kwani siku 2 za mwanzo ndizo za kuogopwa zaidi. Hayo yatibiwe leo leo. Mafao lakini hulipia uwezo uliokwisha kupotea, na barua isemayo "yuko hatarini, asifanye kazi" haifiki mbali.

Ninachoomba ni daftari. Mwenzi aandike kwa wiki kadhaa: tarehe, alichotakiwa kufanya, kilichotokea. "Alilipa ankara moja mara mbili" ina uzito kuliko "anasahau sana". Barua za onyo kutoka kazini, ambazo watu huzificha kwa aibu, mniletee. Na kwa kuwa ubongo hupata nafuu nyingi katika miezi ya mwanzo baada ya kiharusi, hupima tena baada ya miezi 3 na kuweka matokeo yote mawili pamoja.

Ile sehemu ya mgonjwa siijazi mimi. Namwacha aandike kwa mkono wake, hata kama ni "nasahau kidogo tu", kisha nyuma yake nabana kurasa za mkewe.