Mchoro wa Nyota Yenye Mkia si Picha ya Kamera: Tafadhali Msikate Maandishi ya Chini

Kwa miezi kadhaa sasa dawati letu la picha na michoro, linalotoa nakala za michoro ya kale ya anga, limekuwa likipokea malalamiko ya namna mbili. Kuna waliouziwa kwenye fremu "picha halisi" za Zuhali, Mshtarii au nyota yenye mkia. Kuna pia walimu na wabunifu wa mabango wanaotuona wakali tunapowarudishia kazi zao. Chanzo ni kimoja: mtu amekata maandishi yaliyo chini ya mchoro.

Inayozunguka zaidi ni michoro ya Étienne Léopold Trouvelot, Mfaransa aliyehamia Marekani na kuchora anga kwa darubini za Chuo Kikuu cha Harvard na za Washington. Mwaka 1882 michoro yake 15 ilichapishwa kwa rangi. Chini ya ule wa nyota yenye mkia pameandikwa kwamba ilionekana usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 1881, saa 7:30 usiku. Ule wa madoa ya jua una tarehe 17 Juni 1875, saa 1:30 asubuhi. Ukiukata mstari huo umebaki na pambo la ukutani, kwa sababu mtafiti hawezi tena kuulinganisha na mchoro wa mtu mwingine aliyetazama usiku uleule.

Tunaulizwa mara kwa mara kwa nini hakupiga picha. Kamera zilikuwepo, nyota yenye mkia ileile ya 1881 ilipigwa picha na Jules Janssen huko Ufaransa na Henry Draper huko Marekani. Lakini kamera za wakati ule zilihitaji muda mrefu kukusanya mwanga, na hewa inayotetemeka iliivuruga sura ya sayari. Jicho lililozoea husubiri hewa itulie, hata kwa sekunde chache, likanasa alama ndogo. Trouvelot aliweka miraba midogo kwenye kioo cha kutazamia na kupiga miraba kama hiyo kwenye karatasi, kisha akahamisha alichokiona mraba kwa mraba.

Jicho nalo hukosea. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli, mtazamaji wa anga wa Milano, Italia, alichora mistari kwenye Mirihi, na wengine baadaye wakadai ni mifereji iliyochimbwa na viumbe. Trouvelot aliichora Mirihi tarehe 3 Septemba mwaka huohuo, na wavu ule wa mistari haumo. Chombo cha anga cha Marekani, Mariner 4, kilipoipiga picha Mirihi kwa karibu mwaka 1965, mifereji haikuonekana. Hata hivyo bado tunaletewa michoro ya mistari hiyo kama ushahidi wa watu wa Mirihi. Tunaomba jambo hilo liishe. Na nyota yenye mkia si kimondo: yenyewe huonekana angani kwa majuma, kimondo hupita kwa sekunde.

Kwa waliouziwa: juzi baba mmoja alituletea fremu aliyoinunua kama chapa ya 1882. Chini ya kioo cha kukuzia tuliona vidoti vya rangi nne vilivyopangwa kwa mpangilio sawasawa kama maua madogo. Hiyo ni mashine ya kisasa. Chapa za wakati ule zilitolewa kwenye mawe, rangi moja baada ya nyingine, na chembe zake hazina mpangilio. Tazameni kabla ya kulipa.

Kuhusu hakimiliki, kwa sheria ya Tanzania Bara kazi ya mchoraji hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Trouvelot alifariki mwaka 1895, kwa hiyo ulinzi huo umekwisha. Ada tunayotoza ni ya kuskani tu.

Mwombaji ajaze fomu, aambatanishe nakala ya kitambulisho, aeleze matumizi, alipe na kutunza stakabadhi. Nakala hutoka baada ya siku 3 za kazi. Maandishi ya chini yabaki. Bango likikosa nafasi, yaandikwe upya pembeni: jina la mchoraji, kilichochorwa, tarehe, na neno "mchoro". Anayekiuka mara ya kwanza hupewa onyo la maandishi. Mara ya pili kadi yake ya kutumia dawati hili husimamishwa miezi 6, na ana siku 14 za kukata rufaa kwa mkuu wa kitengo.

Shule zilizokwisha kuchapa mabango zisiyatupe. Leteni nakala moja dawatini, tutawaandikia maelezo sahihi ya kubandika chini, bila malipo.