Uzani wa kusawazishia gurudumu: maana yake na namna unavyobuniwa

Dereva anayetoka Ruiru kuelekea katikati ya Nairobi kwa Barabara ya Thika anaweza kukutana na tatizo hili kabla hajajua jina lake. Gari limetulia hadi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Likikaribia 90, usukani unaanza kutetemeka mikononi. Likiupita mwendo huo, mtetemo unapungua tena kana kwamba hapakuwa na lolote. Mara nyingi chanzo chake ni gramu chache tu za mpira au metali zilizozidi upande mmoja wa gurudumu, na dawa yake ni kipande kidogo cha metali ambacho fundi wa tairi hukipigilia kwenye ukingo wa rimu au hukibandika upande wake wa ndani. Katika maelezo haya nitakiita uzani wa kusawazishia, kwa kuwa si lazima kiwe cha chuma, na kwa kuwa kazi yake inakaribiana na ya jiwe la mizani: hukabili uzito mmoja kwa uzito mwingine.

Hata hivyo, jiwe la mizani hupimwa kwa uzito wake pekee, ilhali uzani huu hupimwa pia kwa mahali ulipo. Kinachohesabiwa ni gramu zake zikizidishwa kwa umbali kutoka kwenye mhimili wa gurudumu. Gramu 30 zilizo umbali wa sentimita 20 kutoka kwenye mhimili zina athari ile ile ya gramu 40 zilizo umbali wa sentimita 15, kwa sababu zao la kila jozi ni 600. Kwa hiyo kubuni uzani wa kusawazishia si kutengeneza kitu kizito. Ni kuhakikisha kwamba gramu zilizokusudiwa zinakaa pale zilipokusudiwa, na kwamba zitabaki pale pale kwa miaka, katika joto la breki, katika matope ya masika na katika mashimo ya barabara.

Gurudumu husemwa kuwa limesawazika pale kitovu cha masi yake, yaani nukta ambayo uzito wake hulingana pande zote, kinapoangukia juu ya mhimili linaouzunguka. Gurudumu jipya huwa halijafikia hali hiyo. Tairi hujengwa kwa tabaka za mpira, nyuzi na waya ambazo mahali fulani huungana au hupandana, na rimu ina tundu la valvu pamoja na valvu yenyewe. Watengenezaji wengi huweka alama ya nukta ya manjano ubavuni mwa tairi ili kuonyesha upande ulio mwepesi zaidi. Fundi makini huilinganisha nukta hiyo na valvu anapoivisha rimu tairi, na kwa hatua hiyo moja huweza kupunguza gramu atakazohitaji baadaye. Ninasikitika kila nionapo tairi jipya likivishwa bila nukta hiyo kutazamwa, maana ni msaada uliotolewa bure.

Tuchukue mfano wa tairi lenye gramu 20 za ziada kwenye sehemu inayokanyaga barabara, sentimita 30 kutoka kwenye mhimili. Zao lake ni 600 vilevile. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, gramu hizo huuvuta mhimili kwa kani ya takriban nyutoni 13, ambayo dereva huenda asiihisi. Mwendo ukifika kilomita 100 kwa saa, yaani ukiwa umeongezeka mara mbili, kani hiyo huongezeka mara nne na kufika takriban nyutoni 51, sawa na kuning'iniza zaidi ya paketi mbili za unga wa kilo mbili mbili kwenye mhimili. Tena haivuti kuelekea upande mmoja tu, bali mwelekeo wake huzunguka pamoja na gurudumu, karibu mara 15 kila sekunde. Springi na mfumo wa usukani vina kasi yao ya asili ya kutikisika, mfano wa bembea, na mvuto wa gurudumu unapoiangukia kasi hiyo mtikisiko hukua. Ndiyo sababu mtetemo hujitokeza katika mwendo fulani na kufifia katika mwendo mwingine. Magurudumu ya mbele huuonyesha zaidi kwenye usukani, na ya nyuma kwenye kiti na sakafu.

Kuna aina mbili za kutosawazika, na uzani hubuniwa ili uweze kutibu zote mbili. Ya kwanza ni ya hali tuli: upande mmoja ni mzito, na gurudumu likiachwa lizunguke lenyewe juu ya beringi laini, upande huo hushuka chini. Likiwa barabarani, gurudumu la aina hii hurukaruka juu na chini. Ya pili haionekani gurudumu likiwa limetulia. Huenda kuna gramu 20 zilizozidi kwenye ukingo wa ndani, na gramu 20 nyingine kwenye ukingo wa nje, upande wa pili kabisa wa duara. Zikipimwa kwa hali tuli zinafutana. Lakini gurudumu likizunguka, moja huvuta ukingo wa ndani na nyingine huvuta ukingo wa nje, na gurudumu huyumba kushoto na kulia. Dosari hii haiwezi kuondolewa kwa uzani mmoja uliowekwa katikati ya upana wa rimu, na hiyo ndiyo sababu mashine ya kubalansi humtaka fundi aingize kipenyo cha rimu, upana wake na umbali wake kutoka kwenye mashine. Mashine hulizungusha gurudumu, vihisio vyake hupima jinsi ekseli inavyosukumwa, kisha hukokotoa gramu za kila ukingo na mahali pa kuziweka. Kipimo kimoja kikiingizwa vibaya, jibu lote hukosea, hata kama skrini inaonyesha namba kwa uhakika wote.

Sasa tuje kwenye kipande chenyewe. Kwa muda mrefu kilitengenezwa kwa metali ya risasi, na sababu zake zilikuwa nzuri. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya chuma cha pua gramu 7.85, na ya zinki gramu 7.1 hivi. Gramu 30 za risasi huchukua sentimita za ujazo 2.6 tu, huku gramu hizo hizo za zinki zikihitaji 4.2. Isitoshe, risasi huyeyuka kwa moto mdogo na ni laini, kiasi kwamba kipande kilichotengenezwa kwa ajili ya rimu ya inchi 14 huweza kugongwa kidogo kwa nyundo kikakubali mkunjo wa rimu ya inchi 16. Chuma cha pua na zinki havina unyenyekevu huo. Vikitengenezwa kwa mkunjo usiolingana na rimu, hugusa ncha tu au katikati tu, na kipande kinachogusa sehemu moja hutikisika mpaka kikachomoka. Mbunifu anayeachana na risasi hulazimika kutengeneza vipande vifupi, au kuvikata mikato ili vipinde, au kutoa mikunjo tofauti kwa vipenyo tofauti vya rimu.

Ukubwa huo wa ziada una gharama nyingine ambayo wengi hawaitambui. Kipande kinapokuwa kirefu, sehemu zake za pembeni hazivuti tena kuelekea kule kule inakovuta sehemu ya katikati. Mkanda wa uzani wenye urefu wa sentimita 10, ukiwa umbali wa sentimita 20 kutoka kwenye mhimili, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu yake ya kusawazisha, jambo lisilo na madhara. Mkanda wa sentimita 30 hupoteza asilimia 9. Ukiendelea kuurefusha hadi uizunguke rimu nzima, hautasawazisha chochote, hata ukiwa na kilo nzima, kwa kuwa kila gramu itakuwa na mwenzake wa kuipinga ng'ambo ya pili. Kwa sababu hiyo, fundi anayeona mashine ikidai gramu nyingi mno hapaswi kujaza mkanda mrefu. Afadhali aitoe tairi pumzi, aizungushe juu ya rimu na kupima upya. Wakati mwingine atagundua kwamba kilichokuwa kikipimwa ni tope lililokauka ndani ya rimu.

Vipande vya kupigilia vina kibanio cha chuma cha springi kinachoubana ukingo wa rimu. Ubunifu wake una hekima inayostahili kuangaliwa kwa makini. Mwili wa uzani hukaa chini ya mdomo wa ukingo, upande wa kuelekea mhimili, ili kani inayousukuma kwenda nje iugandamize kwenye ukingo badala ya kuung'oa. Uzani wa gramu 60 kwenye gari linalokwenda kilomita 160 kwa saa husukumwa kwa kani ya zaidi ya nyutoni 260, sawa na uzito wa kilo 26 na ushei, na mzigo huo hubebwa na rimu yenyewe. Kazi inayobaki kwa kibanio ni kuuzuia uzani usiteleze gari linapofunga breki au kuondoka kwa kasi, na usichomoke kwa kando gurudumu linapotumbukia shimoni. Ili kifanye kazi hiyo, umbo lake lazima lifuate umbo la ukingo, na kingo hazifanani: rimu ya chuma ya pikapu ya kazi, rimu ya aloi (mchanganyiko wa alumini) ya gari dogo na rimu ya lori kila moja ina unene na mviringo wake. Kibanio cha rimu ya chuma kikilazimishwa kwenye rimu ya aloi, ama hupanuka kikalegea, ama hukwangua. Hali ni hiyo hiyo kwa vipande vilivyokwisha kutumika. Nimeviona vikiwekwa akiba ndani ya makopo kwenye gereji za hapa mjini, na nia ya kuokoa pesa naielewa. Lakini springi iliyokwisha kufunguliwa kwa nguvu hairudi kubana kama mwanzo, na mteja hawezi kuutambua udhaifu huo kwa macho.

Rimu nyingi za aloi hazina ukingo wa kubanwa upande wa nje, na wenye magari hawapendi kuona vipande vya metali usoni pa rimu. Kwa ajili hiyo hutumika vipande vya kubandika, ambavyo huuzwa katika mikanda ya vijipande vya gramu 5 au 10. Vinabandikwa ndani ya pipa la rimu, yaani uso wake wa ndani wa mviringo, na hapo pia kani ya mzunguko huvigandamiza badala ya kuvibandua. Unene wake hubanwa na kalipa, yaani kifaa kinachobana diski ya breki, ambayo katika magari mengi hupita karibu sana na rimu. Kipande kinene kitakwaruza au kukwanguliwa. Gundi nayo inahitaji uso safi na mkavu. Vumbi la breki, mafuta au unyevu wa gari lililotoka kuoshwa hutosha kuifanya ishike vumbi hilo badala ya kuishika rimu, na mkanda ukaanguka kabla gari halijafika Mlolongo.

Kuhusu rangi na mipako inayofunika vipande hivi, kazi yake si urembo. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, na hasa maji yenye chumvi, moja huliwa, na katika rimu ya alumini anayeumia huenda akawa rimu. Mpako hutenganisha metali hizo.

Inafaa pia kutenganisha huduma mbili ambazo wateja huzichanganya. Alaimenti hurekebisha pembe za magurudumu, na dalili za kuihitaji ni gari kuvuta upande mmoja au tairi kulika ukingoni. Balansi hurekebisha mgawanyo wa uzito. Mtetemo unaokuja katika mwendo fulani hautatibiwa kwa alaimenti.

Limebaki suala la risasi, na hapa sina utulivu wa mwandishi wa mambo ya ufundi. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto, hata ikiwa kidogo. Umoja wa Ulaya uliikataza katika uzani wa magurudumu ya magari madogo tangu mwaka 2005, na jimbo la California nchini Marekani likafuata mwaka 2010, kwa sababu vipande huanguka barabarani, husagwa na magari na kuwa vumbi, kisha mvua huvipeleka kwenye mitaro. Wakenya tumeyaona madhara ya metali hii katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako sumu ilitoka kwenye uchakataji wa betri kuukuu, na mahakama ikawaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Vipande vya zamani vya risasi bado huwafikia watu wanaoviyeyusha kwa moto wa makaa ili kupata chubwi za kuvulia samaki au vitu vinginevyo, na moshi na vumbi la kazi hiyo hubaki kwenye nguo, kwenye sufuria na kwenye udongo ambao watoto huchezea. Mteja anayesimama kando ya mashine ya kubalansi anaweza kumuuliza fundi kama vipande vyake ni vya zinki au vya chuma, na kumwomba vile vya risasi vilivyong'olewa visitupwe mtaroni wala kuyeyushwa, bali viwekwe kando ndani ya chombo chenye kifuniko na kupelekwa kwa mchakataji mwenye leseni.