Chai ya Kijani: Aina Zake na Wakati Unaofaa Kuinywa

Katika maduka ya Mtwara mjini, Masasi na Lindi, pakiti za chai ya kijani hupangwa pamoja na unga wa mlonge na mchaichai mkavu, na wengi wanaofika kwenye kliniki yetu ya lishe huamini kwamba vyote ni kitu kimoja. Sivyo. Chai ya kijani hutokana na mmea uleule wa Camellia sinensis unaotupatia chai nyeusi tuliyoizoea, ambao hapa nchini hustawi kwenye nyanda za juu zenye mvua na baridi, kama Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara.

Tofauti hutokea kiwandani. Jani likishachumwa na kuvunjwavunjwa, vimeng'enya vyake, yaani kemikali za asili zinazoharakisha mabadiliko ndani ya jani, hukutana na hewa, nalo hugeuka hudhurungi. Hapo ndipo chai nyeusi inapopata wekundu wake. Ili jani libaki la kijani, hupashwa moto mapema kabla vimeng'enya hivyo havijafanya kazi. Wajapani kwa kawaida hutumia mvuke, na hivyo sencha yao huwa na ladha ya majani mabichi, ilhali Wachina hulikaanga kwenye karai, na chai yao ya Longjing kutoka Hangzhou hunukia kama njugu zilizokaangwa. Matcha hutokana na michai iliyowekewa kivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, kisha jani husagwa kuwa unga unaonywewa wote bila kuchujwa.

Chai hii haifai kuchemshwa jikoni kama tufanyavyo kwa chai ya rangi, kwa kuwa huwa chungu. Maji yakishachemka yaepuliwe, yapoe hadi nyuzi 70 au 80 za Selsiasi, ndipo majani yalowekwe kwa dakika mbili au tatu.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni wakati wa kuinywa. Katekini, yaani kemikali za asili zilizomo kwenye jani la chai, hushikana na madini ya chuma yatokanayo na mimea, mwili ukashindwa kuyafyonza vizuri. Kwa familia inayotegemea mbaazi, kunde na kisamvu, kikombe kinachonywewa pamoja na mlo hupunguza kile ambacho mama mjamzito au msichana mwenye upungufu wa damu anakihitaji mno. Kinywewe angalau saa moja baada ya kula. Pamoja na mlo ni afadhali ndimu, embe au juisi ya mabibo, kwa kuwa vitamini C husaidia ufyonzaji huo. Mjamzito akumbuke pia kwamba chai ya kijani ina kafeini.

Vidonge vya dondoo ya chai ya kijani vinavyouzwa kwa ajili ya kupunguza uzito ni suala jingine kabisa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa katekini aina ya EGCG, ikitumiwa kwa njia ya virutubisho vya nyongeza kwa kiwango cha miligramu 800 au zaidi kwa siku, inaweza kuhusishwa na dalili za madhara ya ini. Yeyote anayevitumia, hasa mwenye ugonjwa wa ini au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amweleze daktari wake mapema.