Je, wajua kwa nini kubadilisha nywila hakumtoi mtu kwenye barua pepe ya ofisi?

Mhasibu ameacha kazi Ijumaa. Jioni ile ile mtu wa IT akabadilisha nywila ya barua pepe yake, bosi akaridhika. Jumatatu asubuhi mhasibu yuleyule bado anasoma ankara zinazoingia, wala hajadukua chochote. Inakuwaje?

Seva ya barua pepe huuliza nywila wakati wa kuingia tu. Programu ya barua inayotumia IMAP, yaani utaratibu wa kusoma barua zikiwa bado kwenye seva, huingia, kwa kawaida kupitia poti 993 (mlango wa seva wenye namba hiyo), kisha huacha muunganisho wazi. Tangu 1997 IMAP ina amri iitwayo IDLE: programu inakaa kimya, na barua mpya ikifika seva ndiyo inayoipasha habari. Programu hushauriwa kuirudia amri hiyo kabla ya dakika 29 kwisha, seva isije ikadhani imeondoka. Lakini kuirudia si kuingia upya, kwa hiyo nywila haiulizwi. Ni sawa na kubadilisha kufuli la geti wakati mgeni yuko sebuleni.

Simu haidumu sana hivyo, maana ikihama kutoka Wi-Fi kwenda data ya mtandao wa simu, muunganisho hukatika. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa waya ndiyo yenye subira.

Kwenye seva inayotumia Dovecot, programu ya kuendesha barua pepe, amri ya doveadm who huonyesha nani yumo ndani na kutoka anwani ipi, na doveadm kick ikifuatwa na jina la mtumiaji humkata. Ila nywila ibadilishwe kwanza. Ukimkata kabla, programu yake itarudi kwa nywila ya zamani hata kabla hujanyanyuka kitini.

Huduma kama Microsoft 365 zina namna nyingine. Baada ya kuingia, programu hupewa tokeni, yaani kibali cha muda kinachotumika badala ya nywila, ambayo kwa kawaida hudumu dakika 60 hadi 90 na huweza kuhuishwa kimyakimya. Huko msimamizi hubatilisha vikao vyote vya mtumiaji, yaani kila mahali alipokwisha kuingia.

Linalonitia hofu zaidi ni sheria ya kupeleka nakala. Mhasibu akiwa bado kazini aliweka kwamba kila barua ipelekwe pia kwenye anwani yake binafsi. Sheria hiyo hukaa kwenye seva na hufanya kazi barua inapofika, bila yeye kuingia popote. Badilisha nywila hata kila siku, nakala zitaendelea kwenda. Wezi wa mtandaoni wanaipenda mbinu hii, kwa hiyo kagua sheria hizo kabla ya kitu kingine. Barua ambazo tayari alizishusha kwa POP3, utaratibu wa kupakua barua kutoka kwenye seva, ziko kwenye kompyuta yake, na seva haina mkono wa kuzifikia.

Ofisi nyingi ndogo hukodi seva yenye cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti na barua pepe. Humo, kwenye ukurasa wa kila akaunti, utakuta vizuizi vitatu mbalimbali: kuingia, kupokea na kutuma. Vimetenganishwa kwa sababu nzuri. Ukizuia kupokea, mteja anayemwandikia mhasibu kuhusu deni lake atarudishiwa barua yake. Afadhali kuzuia kuingia, kuacha kupokea wazi, kisha kuweka sheria mpya inayopeleka barua kwa aliyeshika nafasi yake. Kutuma kuna chaguo la ziada: barua zinashikiliwa kwenye foleni hadi msimamizi aamue ziende au zifutwe.